Ushirika na Kushiriki: Funzo la Wavuvi wa Rumonge

Utangulizi

Neno "ushirika" ni miongoni mwa maneno ambayo wanafunzi wetu hukutana nayo mapema. Hulisoma vitabuni, hulisikia redioni, na huliona limeandikwa juu ya milango ya maduka na maghala. Shina lake ni lile lile lililozaa "kushiriki", "mshiriki", "shirika" na "ushirikiano". Lilitufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuwa na fungu katika jambo pamoja na wengine. Warundi nao wana neno lao, "ishirahamwe", linalotokana na "gushira hamwe", yaani kuweka pamoja. Ni jambo la kuvutia kwamba lugha mbili zinazosemwa katika pwani moja zimeshika kila moja upande wake wa jambo lile lile: Kirundi kinataja kile mtu anachotia, na Kiswahili kinataja fungu analopata.

Katika makala haya tunakusudia kutazama historia ya wavuvi wa Rumonge na pwani ya Burundi ya Ziwa Tanganyika, kwa kuongozwa na maneno hayo mawili. Swali letu ni moja: kwa nini vyama vingine vya wavuvi hushikilia watu wake mwaka hata mwaka, na vingine hubaki majina katika daftari? Swali hili halihusu wavuvi peke yao. Kila mwalimu aliyepata kuwa katibu wa chama chochote, kiwe cha lugha, cha michezo au cha kuweka na kukopa, analijua vema.

Pwani na Lugha Yake

Rumonge ni mji ulio kiasi cha kilomita 70 kusini ya Bujumbura, katika nchi tambarare iitwayo Imbo, kati ya milima na maji. Michikichi imeuzunguka, na mafuta ya mawese pamoja na samaki ndiyo mali yake ya tangu zamani. Mwaka 2015 ulifanywa makao makuu ya mkoa uliopewa jina lake, na mgawo mpya wa nchi wa 2025 ukapunguza mikoa 18 ya Burundi kuwa 5. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake hufika mita 1,470, hivi kwamba ni moja tu katika dunia nzima linalolishinda kwa kina, nalo ni Baikal la Urusi. Nchi nne zinaligawana: Kongo ina sehemu ya 45 katika 100, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6.

Kiswahili kilifika pwani hii kwa njia ya maji. Burton na Speke walipoingia Ujiji mwezi Februari 1858, waliukuta mji huo ukiwa tayari ni kituo cha wafanyabiashara kutoka mwambao. Baadaye Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kueneza mamlaka yake upande wa kaskazini, lakini nguvu za Mwami Mwezi Gisabo zilimzuia asiingie nchi ya ndani. Ndiyo maana Kiswahili cha Burundi kilibaki kwa muda mrefu lugha ya ufuoni na ya miji: Rumonge, Nyanza-Lac, na Buyenzi katika Bujumbura. Milimani Kirundi kilitosha kwa mambo yote.

Mwalimu anayefundisha msamiati wa uvuvi atapata hapa mali nyingi. Samaki mdogo ambaye Kigoma huitwa dagaa, Rumonge huitwa ndagala. Yule anayeitwa mgebuka upande wa Tanzania, Burundi ni mukeke. Mahali vyombo vinapotia nanga na samaki kushushwa ni mwalo. Taa ya mafuta ya kupigwa pampu ni karabai. Mwenye chombo, hata akiwa na chombo kimoja tu tena kikuukuu, wavuvi humwita tajiri. Neno hilo la mwisho linatufikisha moja kwa moja katika jambo letu.

Shirika la Kwanza: Chombo Kimoja

Kabla ya kuwako chama chenye mwenyekiti na mhuri, palikuwako chombo. Uvuvi wa zamani wa ndagala ulifanywa usiku kwa mtumbwi wa gogo, moto ukiwaka mbele ili kuwavuta samaki, na mvuvi akiwachota kwa lusenga, yaani wavu wenye mpini mrefu. Kazi hiyo ilihitaji watu wachache: wa kupiga kasia, wa kutunza moto, wa kuchota.

Katikati ya miaka ya 1950 Wagiriki waliokuwa wakikaa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, walileta meli za chuma zenye nyavu kubwa za kuzingira. Muda si mrefu, kabla ya miaka hiyo ya 1950 kwisha, wavuvi wadogo nao walipata chombo kipya: mitumbwi miwili inayounganishwa kwa miti, wavu ukining'inia kati yake, na karabai zikiangaza maji. Wavu huteremshwa kilindini, taa huwavuta ndagala hadi wakusanyike, kisha wavu huinuliwa. Miongo mitatu hivi baadaye, Burundi ilipata aina iliyo kubwa zaidi ya chombo hicho, na wavuvi wakaiita Apollo, kwa jina la vyombo vya Wamarekani vilivyokwenda mwezini. Meli za chuma zilizidi kupungua, na katika miaka ya 1990 uvuvi huo mkubwa ulikwisha katika maji ya Burundi. Mitumbwi iliyounganishwa ingali inavua.

Tuutazame utaratibu wa chombo hicho, maana ndani yake mna chama kizima kwa ufupi. Tajiri hutia mitumbwi, wavu, taa na mafuta. Mabaharia hutia mikono yao na usingizi wao. Asubuhi, gharama za usiku zikiisha kutolewa, mapato hugawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia kwa mafungu yanayojulikana kabla ya kuondoka mwaloni. Hakuna baharia asiyejua fungu lake ni lipi, wala hakuna asiyejua kazi yake ni ipi. Mmoja akisinzia wakati wa kuinua wavu, wavu huenda upande na samaki hutoka mbele ya macho ya wote. Huko kuweka pamoja kwa Warundi na kupata fungu kwa Waswahili kunakamilika kila usiku.

Hatusemi kwamba mgawanyo huo ni wa haki daima. Malalamiko juu ya tajiri anayezidisha gharama ni ya zamani kama taa zenyewe. Lakini hata malalamiko hayo yanathibitisha jambo tunalolisema: baharia hulalamika kwa kuwa anajiona ana haki katika hesabu. Asiye na fungu hana cha kulalamikia.

Klabu ya Mtoni na Chama cha Ziwani

Hapa inafaa kuulinganisha uvuvi huu na uvuvi wa namna nyingine kabisa. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza samaki aina ya trauti kutoka Uskochi, na wakatiwa katika mto Gura, katika milima ya Aberdare nchini Kenya. Walowezi waliopenda mchezo wa kuvua kwa ndoano iliyofungwa manyoya mfano wa inzi wakafuata, na klabu za wavuvi hao zikaanzishwa. Mvuvi wa namna hii husimama mtoni peke yake. Hahitaji mwenziwe ili apate samaki, na akimpata huenda akamrudisha majini akiwa hai.

Basi klabu ni ya nini? Ni ya mto. Mto ni mmoja na wavuvi ni wengi. Lazima pawe na kanuni juu ya idadi ya samaki, majira ya kuvua na kutia samaki wadogo majini, na kanuni hizo haziwezi kutunzwa na mtu mmoja. Klabu kama hiyo hufa pale wanachama wanapolipa ada na kwenda zao, wakimwachia katibu mto wote. Tofauti kati ya muungwana wa mtoni na baharia wa Rumonge ni kubwa, maana mmoja anatafuta furaha na mwingine anatafuta chakula cha watoto. Hata hivyo ugonjwa unaoviua vyama vyao ni mmoja: mwanachama kugeuka kuwa jina.

Vyama vya Kuandikishwa

Burundi imekwisha kuuona ugonjwa huo katika historia yake. Mwaka 1957 Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne, alianzisha vyama vya ushirika, kikiwamo chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Burundi. Wafanyabiashara Waswahili wa Usumbura walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono kwa moyo. Shabaha ilikuwa njema: mwananchi apate nguvu katika biashara iliyoshikwa na wageni. Lakini chama hicho kiliingia upesi katika matatizo ya fedha na usimamizi, na serikali ya kikoloni ikapata sababu ya kukiingilia. Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Jina lake lilibaki. Ushirika wake haukupata muda wa kujifunza kazi. Tunajifunza kwamba mapenzi ya watu kwa kiongozi, hata yawe makubwa namna gani, hayachukui mahali pa hesabu zinazoeleweka na kila mwanachama.

Yakaja mambo mazito zaidi. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalianza katika eneo la Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi wakauawa. Kisha serikali ya wakati huo ikafanya mauaji makubwa ya Wahutu nchi nzima, ambayo kwa makadirio mengi yalipita watu 100,000. Wakazi wengi wa ufuo walikimbilia Tanzania, na baadhi yao walikaa huko zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1993 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na usiku ziwani ukawa wakati wa hatari. Kuanzia 2008 maelfu ya wakimbizi wa 1972 walirudi, na Rumonge ikawa mojawapo ya mahali penye mashauri mengi ya ardhi, kwani aliyerudi alikuta shamba lake lina mtu mwingine.

Tumeyataja haya kwa sababu chama cha wavuvi husimama juu ya kuaminiana. Watu wanaoingia chombo kimoja usiku, mbali na nchi kavu, wanakabidhiana roho zao. Pahali ambapo majirani waliwahi kuogopana, kumwambia mtu "jiunge" hakutoshi. Atajiunga kwa mdomo, atalipa ada ya kwanza, kisha atakaa mbali kutazama. Ushiriki wake utarudi polepole, kwa njia ya kazi ndogo zilizofanywa pamoja na mafungu yaliyogawanywa waziwazi.

Mfano wa Mvugo na Muguruka

Kusini ya Rumonge, katika pwani ya Nyanza-Lac, viko vijiji viwili, Mvugo na Muguruka, ambavyo historia yao ya karibuni inastahili kusomwa na kila kiongozi wa chama. Kwa miaka mingi wanawake wa pwani hiyo waliwaanika ndagala juu ya mchanga. Mvua ikinyesha, samaki walioza, ndege na wanyama walikula, watu waliwakanyaga. Kiasi cha samaki 15 katika kila 100 walipotea kwa njia hizo.

Mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianzisha mradi wa kuwafundisha watu wa vijiji hivyo kuanika samaki juu ya vichanja vya wavu wa waya, vilivyoinuliwa kiasi cha mita moja kutoka ardhini. Hewa hupita juu na chini, samaki hukauka upesi, na mvua ikija hufunikwa. Chombo chenyewe ni rahisi mno: miti, waya na misumari. Katika miaka kumi, watu wanaofanya kazi ya kuanika pwani hiyo waliongezeka kutoka 500 hivi hadi 2,000, na uwanja wa vichanja ukapanuka kutoka ekari moja hadi zaidi ya tano. Bei ya samaki wakavu nayo ilipanda, kutoka faranga 4,000 hadi kiasi cha 9,000 kwa kilo.

Kwa nini jambo hili lilienea, hali miradi mingi huisha siku wafadhili wanapofunga mizigo yao? Sisi tunaona sababu tatu. Kwanza, kila mshiriki aliweza kuona faida yake kwa macho, juu ya kichanja chake mwenyewe. Pili, ujuzi haukuwa mali ya wachache: aliyejifunza leo aliweza kumfundisha jirani kesho bila kitabu wala cheti. Tatu, kazi ilimhusu mtu aliyekuwa ameachwa nje. Orodha za wavuvi kwa desturi huandika wenye vyombo, na mara chache huandika mabaharia. Wanawake wanaoanika na kuuza ni nadra kuandikwa, ingawa samaki hawana bei mpaka wapite mikononi mwao.

Nini Humfanya Mwanachama Ashiriki

Kutokana na mifano hii tunaweza kutoa mafunzo machache kwa wanaoongoza vyama vidogo.

La kwanza ni majira. Wavuvi wa taa hupumzika wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa mwezi ukiangaza taa hazina nguvu. Siku hizo nyavu hushonwa na mitumbwi huzibwa. Mkutano ukiitishwa wakati huo, watu watakuja, na mikono yao itakuwa na kazi wakati masikio yanasikiliza. Ukiitishwa katikati ya giza la mwezi, saa ya kujitayarisha kwenda ziwani, watakuja wasiovua. Viongozi wengi hulaumu uvivu wa wanachama kumbe wangetazama kalenda.

La pili ni hesabu. Hesabu za chombo husemwa kwa sauti mbele ya wote, asubuhi ile ile. Hesabu za chama aghalabu hufungiwa kabatini hadi mwisho wa mwaka, na huandikwa kwa lugha ambayo nusu ya wanachama hawaisomi. Hapa Kiswahili kina kazi kubwa, kwani ndiyo lugha ambayo mvuvi wa Rumonge, mnunuzi wa Uvira na mshona nyavu wa Kigoma huelewana kwayo.

La tatu ni kugawanya kazi. Waswahili husema nahodha wengi, chombo huenda mrama, na viongozi wengine hujificha nyuma ya methali hii ili washike kila kitu. Lakini methali inaonya juu ya wingi wa manahodha. Haikusema neno lolote juu ya wingi wa wapiga kasia. Mmoja apewe kutunza daftari la vyombo, mwingine kuangalia ukubwa wa matundu ya nyavu, kijana kupima samaki mwaloni, mwanamke kusimamia uwanja wa kuanika. Mwanachama mpya apewe kazi kabla hajapewa kadi.

Jaribio Lililoko Mbele

Haya si mazungumzo ya kupitisha wakati. Mwaka 1995, hesabu iliyofanywa kuzunguka ziwa zima ilikuta mialo 786 na wavuvi karibu 45,000. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba kuongezeka kwa joto la maji kumepunguza rutuba ya ziwa, kwa kuwa maji ya juu yakiwa na joto hayachanganyiki vema na ya chini yenye virutubisho. Mwaka huo huo, tarehe 12 Juni, nchi nne zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikawekwa makao yake Bujumbura. Kutokana na makubaliano ya nchi hizo umekuja utaratibu wa kupumzisha ziwa kwa miezi mitatu. Tanzania, kwa mfano, ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024.

Miezi mitatu bila kuvua ni miezi mitatu bila fungu. Askari wa doria wanaweza kulinda sehemu ya ufuo, lakini hawawezi kulinda kila ghuba kila usiku. Atakayelilinda ziwa ni yule anayejua kwamba samaki waliokua katika miezi hiyo watakuwa na fungu lake, na kwamba chama chake kimeweka akiba ya kumvusha yeye na jamaa yake hadi siku ya kufungua. Baharia ambaye hakuwahi kuulizwa, ambaye jina lake halimo hata katika daftari, ana sababu gani ya kungoja? Hapo ndipo chama cha mhuri na chama cha watu vinapotengana.

Hitimisho

Tumeona kwamba chombo cha mitumbwi miwili kimedumu kwa sababu kila aliyemo hutia kitu na hupata kitu, na kwamba ushirika ulioanzishwa kwa nia njema ulitikisika pale hesabu zilipowapita wanachama. Tumeona pia vichanja vya miti na waya vikifanya yale ambayo hotuba hazikuweza.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Kiswahili kinafundishwa katika shule zake. Watoto wengi wa Rumonge watakaokisoma darasani ni watoto wa mabaharia na wa wauza ndagala. Tunawashauri walimu wenzetu kwamba wafikapo kwenye neno "ushirika" wasiridhike na kulifasiri. Wawaulize wanafunzi: katika chama cha baba yako, katika kikundi cha mama yako, nani hutia nini, na nani hupata nini? Mtoto atakayerudi nyumbani na swali hilo atakuwa amelielewa neno, na pengine atakuwa ameanza kukifaa chama.